Malaria imekwisha, imeondoka, au imetokomea?

Vijana wa kupiga dawa walifika asubuhi na mapema, mabomba mgongoni, sheha katangulia. Ilikuwa nyumbani kwa mama mdogo, kaskazini mwa Unguja. Vitu tulishavitoa uani: magodoro, ndoo, kabati la vyombo lililofunikwa shuka, mtungi wa maji ukiwa umezibwa kwa kawa. Mmoja wao, kijana mdogo tu, akavua kofia yake mlangoni.

"Shikamoo bibi. Tumekuja kupiga dawa ya mbu."

"Marahaba mwanangu. Karibuni." Mama mdogo akanyamaza kidogo, kisha akauliza kwa upole kabisa: "Lakini si mlishasema malaria imekwisha?"

"Haijesha, bibi. Tumo katika kuimaliza."

"Ndivyo nilivyoambiwa nikiwa mtoto," akasema, akawapisha.

Tukakaa chini ya mwembe kusubiri dawa ikauke ukutani. Mazungumzo yakahamia kwenye bei ya dagaa na harusi ya jirani. Mimi nilibaki na lile swali, na wiki kadhaa baadaye bado linanisumbua, kwa sababu lina uhusiano wa moja kwa moja na kazi inayonilisha.

Ninatafsiri maandishi ya afya. Vipeperushi, mabango, miongozo ya wahudumu wa afya ya jamii, hotuba za uzinduzi. Kiingereza kinakuja, Kiswahili kinaondoka. Na katika maandishi ya malaria kuna maneno matatu ambayo kwa Kiswahili tumeyafanya kuwa karibu neno moja.

## Maneno matatu

"Control", "elimination", "eradication".

Kwenye mazungumzo ya kawaida ya Kiingereza, la pili na la tatu yanapokezana bila mtu kushtuka. Kwa watu wa afya ya jamii hayapokezani kabisa. Mwaka 1997 wataalamu walikutana Berlin wakayawekea mipaka, na mipaka ile ndiyo inayotumika mpaka leo.

La kwanza ni kupunguza ugonjwa mpaka ufike kiwango ambacho jamii inaweza kukivumilia. Wagonjwa bado wapo, vifo bado vipo, ila vimeshuka. La pili ni kufikisha maambukizi mapya sifuri katika eneo fulani, iwe kisiwa, nchi au bara. La tatu ni sifuri ya dunia nzima, na sifuri ya kudumu.

Ukisoma hapo unaweza kudhani tofauti ni ukubwa wa eneo tu. Mimi mwenyewe nilizoea kuyapanga hivyo kichwani, kama ngazi: dogo, la kati, kubwa. Lakini kila maelezo yana kipande cha mwisho, na kipande hicho ndicho chenye uzito. Kwenye "control", kazi inaendelea. Kwenye "elimination", kazi ya kuzuia ugonjwa usirudi inaendelea. Kwenye "eradication", kazi haihitajiki tena.

Kazi inasimama. Chanjo inasimama. Bajeti inafungwa.

Asili ya maneno yenyewe inasaidia. La pili limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya kizingiti: kumtoa mtu nje ya kizingiti. La tatu limetokana na neno lenye maana ya mzizi: kung'oa. Aliyetolewa nje ya kizingiti yuko hai, yuko uani, na mlango ukisahaulika wazi anaingia.

Sasa angalia kwa jicho la mwanakijiji. Katika hali ya pili na ya tatu, anachokiona ni kile kile: hakuna anayeumwa. Mtoto halali na homa, kituo cha afya hakina foleni. Macho hayawezi kumwambia yuko katika hali ipi kati ya hizo mbili. Neno tu ndilo linaloweza kumwambia kama leo usiku atandike chandarua au akikunje akiweke sandukuni.

Ndiyo maana nimeshindwa kuliacha.

## Kovu la begani

Mama mdogo ana kovu la chanjo ya ndui begani, la mviringo, limetandaa na umri. Mimi sina. Ninalo la chanjo ya kifua kikuu tu. Katika familia moja, unaweza kuonyesha kwa kidole mahali ambapo kazi ilisimama.

Mtu wa mwisho kuambukizwa ndui katika mazingira ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, Somalia, Oktoba 1977. Alipanda gari kumwonyesha dereva njia, na ndani ya gari mlikuwa na watoto wawili wenye ndui. Hakuwa na kinga. Baadaye alikiri kwamba sindano ilimtisha. Akaugua, akapona, na watu wote aliokutana nao wakatafutwa na kuchanjwa. Ugonjwa uliosumbua binadamu kwa maelfu ya miaka ukakosa mwili wa kuhamia.

Mei 1980 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukatangaza kwamba ndui hakuna tena. Baada ya hapo nchi zikaacha kuchanja watoto. Hakuna bibi anayefuatwa mlangoni leo kwa ajili ya ndui, na hakuna kijana anayelipwa kuisaka. Hiyo ndiyo maana halisi ya neno la tatu.

Hata hivyo wataalamu wa Berlin waliona haja ya neno la nne, "extinction", kwa sababu kirusi chenyewe hakijafutika. Mwaka 1978, ndui ilikuwa imeshakoma kabisa mitaani, mpiga picha wa chuo cha udaktari huko Birmingham, Janet Parker, aliambukizwa ndani ya jengo lililokuwa na maabara ya ndui, akafariki. Leo kirusi kinahifadhiwa rasmi katika maabara mbili, moja Atlanta nchini Marekani na nyingine Koltsovo nchini Urusi. Kwa hiyo hata pale tulipong'oa mzizi, kipande kimewekwa kwenye chupa.

Maalin alitumia miaka yake ya baadaye kuzunguka Somalia akihimiza watu wachanjwe dhidi ya polio, akisimulia yaliyompata yeye ili wengine wasisite. Mwaka 2013 polio iliporudi Somalia, alikuwa kwenye kazi hiyo. Julai mwaka huo akashikwa na homa, akafariki.

Ilikuwa malaria.

Nimesoma habari hiyo mara nyingi na bado inanikaba. Mwili mmoja uliopitiwa na maneno yote matatu: ugonjwa ambao haupo tena duniani, ugonjwa uliokuwa umeondoka nchini ukarudi, na ugonjwa ambao katika sehemu kubwa ya bara letu bado tunajaribu kuupunguza tu.

## Sotoka, ambayo tungepaswa kuiimba

Magonjwa yaliyofikia neno la tatu katika historia yote ni mawili. Ndui inajulikana. La pili, sotoka ya ng'ombe, limetangazwa kutoweka mwaka 2011, na sikumbuki kusikia hata ngoma moja ikipigwa Afrika Mashariki, na ilhali hadithi hii ni yetu kuliko ya mtu yeyote.

Sotoka iliingia Pembe ya Afrika mwaka 1887 na ng'ombe walioletwa na Waitaliano, ikashuka kusini ikiteketeza mifugo, na kwa wafugaji kufa kwa ng'ombe ni njaa ya watu. Wamaasai wanakiita kipindi kile Emutai. Chanjo iliyokuja kuimaliza ilitengenezwa Muguga, Kenya, na daktari wa mifugo Walter Plowright na wenzake. Mara ya mwisho sotoka kuonekana popote duniani ilikuwa mwaka 2001, kwa nyati wa Hifadhi ya Meru, huko huko Kenya. Na nyumbu wa Serengeti ambao watalii wanawafuata, mwanzoni mwa miaka ya 1960 walikuwa takriban 250,000. Ng'ombe walipochanjwa, ugonjwa ukaacha kuvuka kwenda kwa wanyamapori, na katika miaka ya 1970 nyumbu wakapita milioni 1.

Tuna haki ya kulitumia neno zito tunapozungumzia sotoka. Hapo limelipiwa.

## Dunia ambayo sisi hatukuwemo

Mwaka 1955 Shirika la Afya Duniani lilizindua mpango wa dunia nzima dhidi ya malaria, na jina lake lilibeba neno la tatu: "eradication". Kunyunyizia DDT, dawa ya kuua wadudu, majumbani, kutibu kwa klorokwini, kufuatilia wagonjwa. Nchi nyingi za Ulaya, na visiwa na nchi kadhaa kwingineko, zilifanikiwa kuuondoa ugonjwa kabisa.

Afrika kusini mwa Sahara, kwa sehemu kubwa, haikuwemo. Maambukizi yalionekana kuwa mengi mno na huduma za afya kuwa dhaifu mno, ikaamuliwa isubiri.

Nililisoma hilo, nikasimama. Neno ambalo maana yake yote inasimama juu ya "dunia nzima" lilipewa mpango uliowaacha nje watu wanaougua zaidi. Hakuna aliyekuwa akidanganya kwa makusudi, nadhani. Lakini neno liliruhusiwa kusema kitu ambacho ramani ilikuwa inakikataa. Mwaka 1969 lengo lenyewe likawekwa kando na dunia ikarudi kwenye kudhibiti.

Zanzibar ilikuwa miongoni mwa sehemu chache za ukanda wetu zilizojaribiwa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 nyumba zilipigwa dawa, na malaria ikashuka sana Unguja na Pemba. Mwaka 1968 kampeni ikasimama. Miaka michache baadaye malaria ilikuwa imerudi ilikokuwa.

Katika miaka ya 1980 kampeni ya pili ikaja, DDT tena, wafadhili wengine. Nayo ikaisha bila mafanikio ya kudumu.

Ya tatu ndiyo ninayoikumbuka mwenyewe. Dawa mseto bila malipo kuanzia 2003, vyandarua vyenye dawa, upuliziaji wa dawa ukoko, ile inayobaki ukutani, majumbani kuanzia 2006. Ndani ya muda mfupi, watu wenye vimelea katika vipimo vya jamii wakawa chini ya asilimia 1. Wodi za watoto zikabadilika. Kuna wauguzi vijana visiwani ambao hawajawahi kuona wodi iliyojaa watoto wenye degedege la malaria, na hilo ni jambo la kumshukuru Mungu.

Sasa rudisha hesabu kwa mama mdogo. Alizaliwa katikati ya miaka ya 1950. Zote tatu zimempitia mlangoni. Anaposema ndivyo alivyoambiwa akiwa mtoto, anasema kweli tupu, na kumbukumbu yake inavuka umri wa kila ofisi inayomtumia vipeperushi vyangu.

Kuna la hatari zaidi katika kurudi huko. Mtu anayeumwa malaria mara kwa mara tangu utotoni anajenga kinga kiasi. Haimzuii kuambukizwa, lakini mara nyingi hafi. Jamii iliyokaa miaka bila malaria inaipoteza kinga hiyo. Ugonjwa ukirudi, hauangalii watoto wachanga peke yao. Unaangusha na mtu mzima mwenye nguvu zake. Kwa hiyo kumwambia mtu "imetokomea" wakati imetolewa uani tu ni kumvua nguo wakati baridi inakuja.

## Mbung'o na boti

Lipo jambo la Unguja lililoniyumbisha kidogo, kwa sababu linaonekana kupinga ninayoyasema.

Katika miaka ya 1990 kisiwa kiliondolewa mbung'o. Madume walizalishwa kwa mamilioni kwenye kituo cha Tanga, wakapigwa mionzi ili wasizae, wakamwagwa kwa ndege juu ya Unguja. Jike akishapandwa na dume asiyezaa, uzazi wake umekwisha. Mbung'o wa porini wa mwisho alinaswa mwaka 1996, na mwaka uliofuata kisiwa kikatangazwa kuwa huru. Nagana, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na mbung'o, ikaondoka nao.

Na wataalamu wa wadudu waliliita tukio hilo kwa neno la tatu, "eradication", ingawa mbung'o wa aina hiyo wapo mpaka leo ng'ambo, Bara.

Nilitaka kuwalaumu. Nikafikiri zaidi, nikaona wana hoja. Mbung'o hawezi kuruka mkondo wa Zanzibar. Hakuna anayehitaji kumwaga madume kila mwezi ili kisiwa kibaki salama. Kazi ilisimama, na imekaa hivyo. Kwa kipimo cha kazi, neno lao ni la haki kuliko kwa kipimo cha ramani.

Malaria haiko hivyo. Mbu wake hawavuki bahari kwa mabawa, lakini kimelea hahitaji mbu ili avuke. Anasafiri ndani ya damu ya mtu aliyekaa kwenye kiti cha boti, anakula karanga, hana homa, ana safari yake halali ya biashara. Anashuka Malindi, bandarini Unguja. Usiku anaumwa na mbu wa hapa.

Mwishoni mwa 2023 na kuingia 2024 wagonjwa waliongezeka ghafla kisiwani, mijini hasa. Yule mgeni aliingia, na alikuta mlango.

## Neno ndani ya neno

Kama ningeweza kuishia hapo, tafsiri ingekuwa rahisi: neno moja kwa kila hali. Lakini neno la pili lenyewe lina tumbo.

Mwaka 1991 nchi za dunia zilikubaliana kuhusu ukoma. Lengo: "elimination" ifikapo mwaka 2000. Halafu ukisoma ufafanuzi unakuta maneno ya nyongeza: kuondolewa *kama tatizo la afya ya jamii*. Maana yake kwa tarakimu ni chini ya mgonjwa 1 kwa kila watu 10,000. Tanzania ilifikia kiwango hicho kitaifa mwaka 2006.

Na kila mwaka tangu hapo Watanzania wapya wanagunduliwa kuwa na ukoma.

Hapa ndipo nilipokasirika, na hasira haijaisha. Kwenye malaria, neno hili hili linataka sifuri: cheti cha Shirika la Afya Duniani kinatolewa kwa nchi iliyokaa angalau miaka 3 mfululizo bila maambukizi ya ndani, kama Misri ilivyokipata mwaka 2024. Kwenye ukoma, neno hilo hilo linaruhusu maelfu ya wagonjwa. Ukimpa mwandishi wa habari sentensi isemayo ukoma umeondolewa, ataandika hivyo. Daktari kijana ataisoma. Siku mtu atakapoingia kwake na baka lenye ganzi, baka lisilohisi hata sindano, ukoma hautamjia kichwani. Atamwandikia dawa ya fangasi. Mgonjwa atarudi vidole vimeanza kukunjika.

Ukoma unatibika. Dawa ni bure. Kinachomponza mgonjwa ni kuchelewa, na kitu kimojawapo kinachochelewesha ni watu kuamini kwamba ugonjwa ulishakwisha.

Wale watakaosema maneno ni maneno tu, nawaomba wamfikirie mgonjwa huyo.

## Kutokomea

Sasa turudi kwenye lugha yetu. Karibu kila kitu tunakiandikia "kutokomeza". Kutokomeza malaria, kutokomeza ukoma, kutokomeza polio, kutokomeza kipindupindu, na hata kutokomeza utoro shuleni. Ni neno lenye sauti nzuri jukwaani. Mgeni rasmi akilitamka, makofi yanapigwa.

Lakini sikiliza tunavyolitumia nje ya jukwaa. Mwizi amevunja duka, polisi wamefika, magazeti yanaandika: atokomea kusikojulikana. Aliyetokomea hajafa. Ametoka machoni. Yupo mahali, na wenye duka wanajua hivyo, ndiyo maana wanabadilisha kufuli.

Ajabu ni kwamba neno tulilolipa maana kubwa kuliko yote, kwa asili yake linafaa ile hali ya pili: ugonjwa umetoka machoni. Tumelipandisha cheo, likabeba mzigo wa "eradication", na hali ya pili tukaiacha bila jina lake.

Agosti 2020 Kanda ya Afrika ilitangazwa haina tena polio ya kirusi cha asili. Ilikuwa furaha ya haki, iliyotokana na kazi ya miaka mingi ya wahudumu waliotembea kwa miguu na visanduku vya barafu. Vichwa vya habari vya Kiswahili vikasema polio imetokomezwa Afrika. Februari 2022 Malawi ikatangaza mtoto mmoja wa Lilongwe aliyepooza, na kirusi kikaonekana kina undugu na kile cha Pakistan. Mwaka huo huo Tanzania ikaanza kupita nyumba kwa nyumba na matone ya chanjo.

Na wazazi wakauliza lile lile aliloulizwa kijana wa dawa: si mlisema?

Wengine hawakuuliza. Walijenga tafsiri yao wenyewe: kwamba ugonjwa haupo na kuna jambo linafichwa. Nilisikia hayo kwenye daladala na kwenye msiba. Tetesi zilipata pa kukaa kwa sababu sisi wenye kuandika tulikuwa tumeshaweka neno la mwisho mahali pa neno la pili, na siku ukweli ulipokuja haukuwa na neno la kusimamia.

## Hoja ya upande wa pili

Ninamheshimu sana afisa mmoja wa afya niliyemweleza haya yote, naye hakukubaliana nami.

"Ndugu yangu," alisema, "ukiwaambia watu *kudhibiti*, hakuna anayeamka. Hata mfadhili haamki. Neno kubwa ndilo linaloleta vyandarua."

Si hoja ya kupuuza. Bara wana Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Malaria. Zanzibar wana Kitengo cha Kumaliza Malaria. Jina la pili lina moto zaidi, na moto huo umefanya kazi iliyoonekana. Watu hawatoki jasho kwa ajili ya kupunguza kidogo.

Lakini neno kubwa likifika mapema lina bei yake. Wagonjwa wakishapungua, fedha huanza kuangalia kwingine, na zikihama, neno tulilotangaza ndilo litakalotumika kama ushahidi kwamba hatuzihitaji tena. Hayo yameshatokea visiwani, zaidi ya mara moja.

Afisa huyo hakubishana. Alinialika nifuatane naye kazini.

## Nyumba ya mvuvi

Kituo cha afya kilikuwa kimetuma taarifa ya mgonjwa mmoja. Tukapanda pikipiki, mimi nyuma, kishikwambi chake kwenye mfuko wa plastiki kwa ajili ya mvua. Nyumba ilikuwa ya mvuvi. Kijana aliyeumwa alikuwa dago, yaani kambi ya wavuvi, upande wa Bara, amerudi na homa, ameshaanza dawa mseto.

Afisa akasalimia wazee kwanza, akaomba ruhusa, akakaa chini kwenye mkeka. Maswali yake yalikuwa machache. Nani analala chumba gani? Chandarua kipo? Nani mwingine alisafiri? Kisha akaanza kuwatoboa vidole, mmoja mmoja, tone la damu kwenye kipimo, matone ya maji ya dawa juu yake, na kuvipanga vipimo mstari mmoja juu ya gazeti, kila kimoja na jina.

Tukasubiri. Mama mwenye nyumba akaleta chai ya mchaichai.

Vipimo vyote vikatoka mstari mmoja isipokuwa cha binti wa miaka kama tisa. Mistari miwili: ana vimelea. Hana homa, kichwa hakimuumi, alikuwa anaruka kamba tulipofika. Na hajawahi kutoka kisiwani.

Afisa akakinyanyua kile kipimo kwenye mwanga wa mlango, akakitazama sana. Kwa kijana wa dago aliandika kesi ya kuletwa. Kwa binti, kesi ya ndani. Tofauti ya maneno hayo mawili kwenye kishikwambi ndiyo tofauti kati ya kisiwa kuhesabiwa kimeondoa malaria na kutohesabiwa.

"Huyu asingekuja kituoni," akaniambia tukiwa njiani. "Angecheza zake, na mbu wangefanya kazi yao. Pikipiki hii ikikosa mafuta wiki mbili, mimi sijui chochote kinachoendelea huku."

Nilimuuliza yeye hasa anaiitaje kazi yake kwa Kiswahili, asipokuwa kwenye semina.

"Nalinda."

Hilo halimo kwenye miongozo yangu yoyote. Na ndilo linalobeba kile kipande cha mwisho cha ufafanuzi wa Berlin, kile ambacho "kutokomeza" kinakimeza.

## Nitakavyoandika

Nimewaandikia wanaonipa kazi, na baadhi wamekubali, wengine wanasubiri wakubwa zao. Ninachopendekeza ni hiki.

"Kutokomeza" libaki kwa ndui na sotoka, na siku moja, inshallah, kwa polio na mnyoo wa Guinea. Tumeshalizoea hivyo na siwezi kulirudisha nyuma peke yangu. "Kudhibiti" liendelee palipo na wagonjwa wengi, bila aibu, kwa sababu kuokoa watoto kwa kupunguza ugonjwa ni kazi kubwa ya kujivunia. Kwa hali ya pili ninaandika "kuondosha", na silitumii likiwa peke yake. Ninaandika "kuondosha na kulinda", eneo likitajwa: Unguja, Pemba, wilaya fulani. Wenye mabango wanalalamika kwamba ni refu. Ni refu, na nimewaomba wapunguze picha.

Ukoma ninauandikia tarakimu. Umepungua mpaka chini ya mmoja kwa watu elfu kumi, bado upo, unatibika, dawa ni bure, baka lisilohisi lipimwe. Neno la kuondolewa silitumii hapo, hata likiwa limo kwenye Kiingereza nilicholetewa. Mteja mmoja amelirudisha. Nimemjibu na sababu zangu, na hadi leo ninapochapisha haya hajanijibu.